Kabla Umeze, Pima Presha

Ingia kemisti yoyote Roysambu Jumatatu asubuhi uitishe P2, utapewa hata kabla umalize kuongea. Hakuna mwenye atakuuliza ka uko na presha, ama mara ya mwisho ulimeza lini, ama ka kuna njia ingine ungependa. Unalipa, unaificha kwa pochi, unahepa. Hiyo haraka ndio huniuma. Madem wengi wa rika yetu wanajua tembe kupitia hiyo kaunta pekee, na hakuna mtu amewahi waketisha chini awashow ati P2 na tembe za kila siku ni vitu mbili tofauti kabisa.

P2 ni ya dharura. Mpira umepasuka, ama mambo imejipa bila mpango. Imeze ndani ya masaa 72, na venye unawahi ndio venye inashika fiti. Kazi yake ni kuchelewesha yai isitoke. Ka ball ishaingia, haiwezi kuitoa, so ile stori ati P2 ni kutoa mimba ni stori za jaba. Ati ukimeza mara mob utakuwa tasa, pia hiyo ni jaba. Shida ya kuishi na P2 kila wikendi ni ingine. Hedhi inavurugika, mara imekuja mapema, mara imechelewa, na unakaa na wasiwasi mwezi mzima. Alafu ile umemeza Jumapili haikukingi Jumatano. Na ka ulilazimishwa, usiishie kemisti. Enda hospitali ndani ya hizo masaa 72, juu huko utapewa pia dawa za kukukinga na virusi vya ukimwi, na hiyo kazi P2 haifanyi.

Sasa cheki za kila siku, zile za homoni mbili ka Femiplan na Microgynon. Pakiti iko na tembe 28. 21 ndio ziko na homoni, 7 za mwisho hazina, mara nyingi ni madini ya chuma tu ya kuongeza damu, na hapo ndio hedhi hukuja. Ukimeza kila siku bila kuruka, kwa madem 100 ni nadra hata mmoja ashike ball mwaka mzima. Lakini venye watu humeza kwa ground, karibu 7 kwa 100 hushika. Tofauti kubwa hapo ni kusahau. So weka alamu kwa simu, umeze saa ile ile kila siku. Ukisahau moja, meza ukikumbuka, uendelee na zingine kawaida, hata ka ni mbili siku moja. Ukiruka mbili ama zaidi, meza moja sai sai, endelea na pakiti, na utumie mpira siku saba.

Kuna kitu mathe zetu hawakuambiwa: faida si ya ball pekee. Dem mwenye hulala chini kila mwezi akilia tumbo, tembe hupunguza hayo maumivu. Damu inakuwa kidogo, na kwa mwenye ako na upungufu wa damu, hiyo ni kitu kubwa sana. Unajua siku zako zinafika lini. Chunusi hupungua kwa wengi. Hatari ya saratani ya ovari na ya ukuta wa tumbo la uzazi inashuka, na inabaki chini miaka mob hata ukiwacha. Na siku utataka mtoi, unawacha tu. Hazirundikani kwa tumbo venye mtaa husema.

Lakini siwezi kukuficha upande ule mwingine. Miezi tatu za kwanza zinaweza kuwa noma: kichefuchefu, kichwa, matiti kuuma, matone ya damu katikati ya mwezi. Hapo ndio madem wengi hutupa pakiti na kuambia mabeshte, "Ilinikataa." Kwa wengi mwili huzoea. Usipozoea, rudi ubadilishiwe, juu kuna aina mob. Kumeza usiku baada ya kukula hupunguza kichefuchefu. Kuhusu kunona, utafiti haujaonyesha ati tembe ndio huleta. Mudi nayo usipuuze. Kuna madem husema wanajiskia wazito moyoni, ama hamu ya mapenzi inaisha. Ka ni wewe, mtu asikuambie unajifanya. Mwili ni wako.

Hatari yenye inafaa kuogopwa ni damu kuganda. Ni nadra. Kwa madem 10,000 wenye hawamezi, karibu 2 huipata kwa mwaka. Kwa wenye wanameza zile za homoni mbili, inafika kati ya 5 na 12. Ball yenyewe huileta kushinda tembe. Bado, kuna wenye hawafai kuguza hizi za homoni mbili: mwenye presha iko juu, mwenye huumwa na kichwa akianza kuona mimulimuli, mwenye damu ishawahi kumganda, na mwenye amefika miaka 35 na anachoma fegi. Mama ananyonyesha mtoi hajafika miezi sita anafaa apewe zile za homoni moja. Rifampicin ya TB na dawa zingine za kifafa hufanya tembe zikose nguvu. Amoxicillin haina shida. Mguu mmoja ukifura na kuuma, kifua ikibana, pumzi ikikata, ama kichwa ikuume vibaya ghafla na macho ianze kufifia, wacha tembe na ukimbie hospitali siku hiyo hiyo.

Maboyz, mko ndani ya hii stori. Tembe haizuii ukimwi wala kaswende wala kisonono, so mpira bado ni kazi yenu. Na ka unajua dem wako anabeba huu mzigo kila siku, changia doh na umsindikize kliniki.

Kenya ilianza mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka wa 1967, kabla wazazi wa wengi wetu wazaliwe. Haifai dem wa 2000s bado anasaka jibu kwa uvumi wa ploti. Msichana wangu, kabla ya pakiti ya kwanza, ingia zahanati ya serikali ama kliniki ya Family Health Options Kenya, uitishe wapime presha, na useme ukweli kuhusu fegi, dawa zingine na magonjwa ya kwenu. Ka mwenye anakuuzia hataki kukuuliza, muulize wewe.