Mtandao Uko Chini: Maelezo Juu ya Tovuti Zinazokawia

Neno "mtandao" limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili cha leo. Asili yake ni kitenzi "tanda", nalo hutaja kitu kilichoenea. Sasa hutajwa kwalo kampuni ya simu, intaneti yenyewe, na hata tovuti moja tu. Kwa hiyo mtu wa Somanda, kata iliyomo katika mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa 2012, akiona ukurasa haufunguki husema, "Mtandao uko chini." Kauli hiyo yatosha kwa mazungumzo, bali kwa uchunguzi haifai, kwa kuwa yachanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: njia ipitayo habari, foleni ya wanaongoja, na kazi ifanywayo na seva, yaani kompyuta itoayo habari hizo. Kila jambo lina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Mfano ulio karibu ni matokeo ya Mtihani wa Kidato cha Nne, yatolewayo na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa 1973. Mtihani hufanywa Novemba, na matokeo hutangazwa Januari ifuatayo. Watahiniwa wa miaka hii huzidi 500,000, na mara tu matokeo yatangazwapo, wao, wazazi wao na walimu wao huelekea mahali pamoja. Tovuti yoyote ipatwayo na hali kama hiyo yaweza kuwa nzito ingawa hakuna kilichoharibika. Mzazi adhaniye kwamba kosa ni la kifurushi chake hununua kingine bure. Msimamizi adhaniye kwamba seva ni ndogo hununua kubwa zaidi, na pengine hali ikabaki ile ile.

Kwanza ni njia. Kutoka Somanda hata Dar es Salaam, kwa mstari ulionyoka, ni kama kilomita 730. Nuru ndani ya waya wa kioo hupita kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Basi kwenda na kurudi hakufikii hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Seva ikiwa London, safari moja huchukua kama sehemu 7 au 8 za mia. Hiyo nayo si nyingi, lakini ukurasa unaohitaji safari 30, moja baada ya nyingine, utapoteza zaidi ya sekunde mbili njiani tu. Dawa yake ni kupunguza safari na kusogeza nakala karibu na wasomaji. Njia yaweza pia kukatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota katika Afrika Mashariki. Siku hiyo hapakuwa na marekebisho ya programu ambayo yangeweza kuunga waya.

Pili ni foleni. Elimu yake ilianzishwa na A. K. Erlang wa Denmark, aliyeandika juu ya simu za Copenhagen mwaka 1909. Katika foleni sahili, yenye mhudumu mmoja na watu wafikao bila mpango, mhudumu akiwa na kazi kwa nusu ya wakati wake, muda wa kungoja na kuhudumiwa huwa mara 2 ya muda wa huduma peke yake. Akishughulika kwa asilimia 80, huwa mara 5. Asilimia 90, mara 10. Asilimia 95, mara 20. Ndiyo sababu tovuti huenda vizuri kwa muda mrefu, kisha huzama ghafula.

Tatu ni kazi yenyewe. Watungaji wa kamusi walijua jambo hili kabla ya kompyuta: kadi zisizopangwa hapana budi kupekuliwa moja moja. Kanzidata yenye majina 500,000 yasiyo na faharasa hudai kutazama wastani wa majina 250,000 ili kupata moja. Yakipangwa, hatua 19 zatosha, kwa kuwa kila hatua huondoa nusu ya yaliyobaki. Kosa jingine ni kuuliza mara nyingi mno: programu huomba orodha ya wanafunzi 100 wa shule, kisha huuliza habari za kila mmoja peke yake, maswali 101 mahali ambapo moja au mawili yangetosha.

Hata hivyo dawa iliyo bora ni kutofanya kazi ile ile mara mbili. Matokeo yakishatangazwa hayabadiliki kila dakika. Kwa hiyo Baraza huyatoa kwa ukurasa wa kila shule, chini ya namba ya kituo chake. Ukurasa wa namna hiyo huweza kuandaliwa mara moja na kutolewa kwa maelfu, bila kanzidata kuulizwa tena. Maombi ya mkopo au malipo ya kodi hayawezi kutendewa hivyo, kwa kuwa kila mtu ana yake. Huko sharti kutumia faharasa, na kuahirisha kazi ziwezazo kungoja.

Lakini kabla ya dawa sharti vipimo, wala wastani usiaminiwe peke yake. Watu 95 wakihudumiwa kwa sekunde 0.2, na 5 kwa sekunde 10, wastani ni sekunde 0.69, tarakimu isiyoeleza hali ya yeyote kati yao. Afadhali kutazama wale watano, na kupima penye seva na penye simu ya msomaji pia: seva ikijibu upesi ilhali msomaji wa Somanda angali anangoja, kosa litafutwe njiani, ikikawia, na itazamwe kama muda huo umepotea katika foleni au katika kazi.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa utengano huo. Njia imekatika, foleni imerefuka, seva imeelemewa: kila kauli yaonyesha mahali pa kuanzia, na yule apokeaye malalamiko atajua amtume nani.