Suhuba ya Kichuguuni

Mkazi wa Gungu, mjini Kigoma, anayetaka kujua, kwa ushahidi wa elimu wala si kwa methali peke yake, jinsi wanaotuzunguka wanavyoyafinyanga makuzi yetu, hana haja ya kusafiri mbali. Kilomita 16 hivi kaskazini ya mji wa Kigoma, katika milima ya Gombe inayoteremka hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jambo hilo limekuwa likichunguzwa tangu Julai 1960, mtafiti Jane Goodall alipotua pale pamoja na mama yake na mpishi wao Dominic, na uchunguzi haukukoma hata baada ya yeye mwenyewe kufariki dunia Oktoba 2025. Wanaochunguzwa ni sokwe. Walakini sokwe ni kiumbe akuaye polepole, hunyonya miaka minne hata mitano, na hufuatana na mama yake hadi apate minane au zaidi, hivyo muda wake wa kuathiriwa na wenziwe ni mrefu sana.

Yafaa isemwe pia, kwa insafu, kwamba macho yaliyoyaona mengi ya haya ni ya wenyeji wa mwambao huu, watu kama Hilali Matama, Hamisi Mkono na Eslom Mpongo, waliowafuata sokwe makorongoni tangu alfajiri hadi wapandapo mitini kulala, na mienendo ile ikaandikwa daftarini kwa Kiswahili. Hazina adhimu ambayo sisi wenye lugha hatujaisifu kadiri inavyostahili.

Mvua za vuli zinapoanza, mchwa hutoboa njia hadi karibu na uso wa kichuguu, wakingoja siku ya kumbikumbi kuruka, na sokwe jike huja na mwanawe. Hukwangua kwa kidole udongo mwembamba uliofunika tundu, huchuma kijiti au unyasi, huambua majani, huing'ata ncha iliyopinda akaitupa, kisha hukipenyeza taratibu mpaka mchwa askari wakiume kwa hasira. Hapo hukichomoa kwa utulivu, maana akivuta kwa pupa wote hupukutika njiani, hukiegemeza juu ya kifundo cha mkono, na kuwaokota kwa midomo. Mtoto hashikwi mkono wala haonyeshwi. Hutazama, huokota kijiti kilichotupwa, hukichomeka pasipo tundu, hushindwa, akarudia.

Mwaka 2004 mtafiti Elizabeth Lonsdorf na wenziwe walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kuwachungua watoto hawa: wa kike huweza kuvua mchwa wapatapo miezi 31 hivi kwa wastani, na wa kiume hukawia hadi miezi 58 hivi. Kichuguu ni kilekile na mlezi ni yuleyule. Ila binti hukaa akimkazia mama macho, hali kijana hubiringika, huning'inia matawini na kutafuta wa kushikana naye mieleka. Fauka ya hayo, binti huiga hata kina ambacho mama yake huzamisha kijiti, na kijana hushika mtindo wake mwenyewe. Michezo ya madume si upotevu mtupu, kwani yamkini ndiyo inayowaandalia ugomvi wa vyeo unaowangoja ukubwani. Lakini kwa rai yangu matokeo haya yanatudai turekebishe kauli tuliyoizoea, kwamba mtu hufanana na aliye naye: anafanana na yule, miongoni mwa alio nao, aliyemtazama.

Wageni nao wana sehemu yao. Sokwe wa jamii ya Kasekela, hapohapo Gombe, walifuatwa miongo mitatu, na ilikuwa nadra kuwaona wakivua chungu wa mitini kwa vijiti, ilhali majirani zao wa Mitumba waliujua ufundi huo. Katika miaka ya 1990 ukazuka Kasekela, na watafiti hudhani uliletwa na majike waliohamia kutoka Mitumba. Walioushika ni vijana. Wazee waliendelea na mlo wao wa kale.

Wala suhuba haichagui mema. Kati ya 1975 na 1977 jike aliyeitwa Passion aliwapokonya wenziwe watoto wachanga, akawaua na kuwala, na binti yake Pom akawa mshirika wake. Kumhukumu mnyama kwa sheria za wanadamu ni dhulma, lakini ni vigumu kusadiki kwamba Pom angeyazua hayo peke yake. Mwaka 1987 mambo yalikuwa kinyume: maradhi ya kifua yalipoua sokwe kadhaa, kijana Spindle, mwenye miaka 12, alimchukua yatima Mel, wa miaka mitatu, asiye nduguye, akambeba na kulala naye, na Mel akanusurika.

Na mwanadamu je? Katika kisiwa cha Ngamba, Ziwa Viktoria upande wa Uganda, watafiti Victoria Horner na Andrew Whiten waliwaonyesha sokwe jinsi ya kutoa chakula katika sanduku kwa hatua kadhaa, baadhi yake zikiwa hazina faida yoyote. Sanduku liliposetiri ya ndani waliiga zote. Lilipoonyesha ya ndani waliona zipi ni bure, wakaziacha. Watoto wa kibinadamu wa miaka mitatu na minne, katika jaribio hilohilo lililochapishwa 2005, waliiga zote, hata za bure walizoziona wazi kuwa ni za bure. Wako watakaocheka, bali mimi naona hapo ndipo ulipo msingi wa ustaarabu. Huku kwetu Kigoma, siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wasipotoka kwa kuwa taa zao hazishindani na mwezi, hukaa ufukweni Kibirizi wakishona nyavu, na mtoto akaaye kando yao hufunga fundo kama wafungavyo, asijue sababu, mpaka siku wavu utakapojaa. Kwa macho hayohayo hupokea na matusi ya fundi, na namna avutavyo sigara, na jinsi amjibuvyo mama aliyemletea uji.

Sisi wazazi tumezoea kumwuliza mtoto arudipo jioni alikuwa na nani. Nawasihi tuongeze swali la pili: katika wote waliokuwapo, alikuwa akimtazama nani, naye huyo alikuwa akifanya nini.