Walowezi wa Orange County

Mwaka 1934 Cordelia Knott alianza kuuza kuku wa kukaanga kwenye shamba la matunda la familia yake huko Buena Park, California. Chakula kilipendwa, foleni ikazidi kurefuka, na mumewe Walter akatafuta cha kuwashughulisha wateja wenye njaa. Mwaka 1940 akaanza kujenga mji mzima wa Magharibi ya kale, baa ya mbao ikiwemo, na baadhi ya majengo yakang'olewa kwenye miji iliyohamwa.

Walter Knott alipenda biashara, lakini alipenda siasa vilevile. Kwake, mji ule ulikuwa somo: babu zetu walijitegemea, hawakungoja serikali.

Somo hilo lilikuwa na mwalimu wake. Mwaka 1893, jijini Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alidai kwamba Mmarekani huru, mwenye kujiamini, alifinyangwa na maisha ya kusonga magharibi kwenye ardhi tupu. Tupu kwa nani? Wenyeji wa asili walikuwapo, wakafukuzwa kwa bunduki za jeshi. Na ekari 160 ambazo mlowezi alipewa kwa sheria ya 1862 zilitoka mkononi mwa serikali hiyohiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mambo yalijirudia Orange County, alikoishi Knott. Michungwa iling'olewa, nyumba zikapandwa: wakazi wapatao 216,000 wa mwaka 1950 walifika kama 704,000 mwaka 1960. Julai 1955 Disneyland ilifunguliwa Anaheim, ikiwa na sehemu yake ya Magharibi ya kale, huku watoto nchi nzima wakitembea na kofia za manyoya za Davy Crockett, shujaa wa televisheni. Baba zao walijiona walowezi wapya. Ukweli ni kwamba wengi wao walilipwa na viwanda vilivyoishi kwa zabuni za jeshi, na waliopigana vitani walinunua nyumba kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali. Jioni, kwenye vikao vya sebuleni, waliilaani serikali hiyo.

Mwaka 1964 waliweka msimamo wao kwenye sanduku la kura. Kaunti ilimpa ushindi mgombea urais wa Republican, Barry Goldwater, aliyeangushwa vibaya kitaifa. Siku hiyohiyo takriban asilimia 65 ya wapiga kura wa California walifuta sheria iliyokataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake. Hoja ilikuwa haki ya mwenye mali. Aliyeumia ni Mweusi aliyetafuta nyumba. Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha kura hiyo mwaka 1967.

Ronald Reagan, aliyewahi kuvaa kofia ya mchunga ng'ombe kwenye sinema, alishinda ugavana wa California mwaka 1966. Kisha ikaja kura ya 1978 iliyobana kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani yenyewe isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Ndiyo maana huko California majirani wawili wenye nyumba za kufanana hulipa kodi tofauti kabisa: aliyenunua zamani hulipa kidogo, mgeni hubeba mzigo.