Kong Alikuwanga Kadoli

Wasee wengi hudhani King Kong wa 1933 alikuwa jamaa ndani ya suti ya manyoya. Zii. Yule gorila wa msituni alikuwanga kadoli ka inchi 18 hivi. Ndani kuna mifupa ya chuma yenye viungo vya kukunja, juu raba na ngozi ya sungura. Marcel Delgado ndo alimuunda, Willis O'Brien akampatia uhai.

Wera yenyewe ilikuwa noma. Unasongesha mkono wa doli kidogo, unapiga picha moja. Unasongesha tena, unapiga ingine. Sekunde moja inameza picha 24, so siku inaisha na Kong hajamaliza hata kukunja ngumi. Na ucheki manyoya yake fiti: yanatikisika kila saa, ni kama kuna upepo unampiga. Hapo ni vidole vya mafundi vilikuwa vinamgusa. Wengine wanaitanga hiyo kasoro. Mimi hiyo ndo naidai zaidi kwa muvi yote.

Kijana wa miaka 13, Ray Harryhausen, alimcheki Kong huko Los Angeles akachizi. Baadaye alipiga wera na O'Brien kwa Mighty Joe Young ya 1949. Halafu 1963, kwa Jason and the Argonauts, akaangusha ile vita ya skeletoni saba dhidi ya wasee watatu. Waigizaji walikuwa wanakatakata hewa tu na panga. Skeletoni zikaingizwa baadaye. Sini ya dakika chache, lakini ilimkalia zaidi ya miezi nne. Hakuna kompyuta, buda.

Sa kompyuta zikakuja. Phil Tippett, fundi mwingine wa madoli, yule wa madude ya kutembea kwa theluji kwa The Empire Strikes Back, alikuwa amepangiwa dinosau wa Jurassic Park. Ndo wakamwonyesha majaribio ya kompyuta, akasema ameisha kama hao dinosau wenyewe. Spielberg, dairekta wa Jurassic Park, akaiba hiyo laini, akaiweka kwa muvi. Lakini hawakumfuta, juu wasee wa kompyuta hawakuwa wanajua mnyama mzito anakanyagaje. Timu yake ikaunda mifupa ya chuma yenye sensa: unaikunja na mkono kama enzi za Kong, mashini inasoma, dinosau wa skrini anafuata. Baadhi ya sini zilitoka hivyo, na Oscar ya 1993 ya efekti Tippett alikuwa ndani.

Na madoli hakuwacha. 2021 alidondosha Mad God, muvi alianza kitambo, karibu miaka 30 nyuma. Ni chafu, ni giza, usiicheki ukiwa unamanga.