Je, Wajua? Toyota ya Zamani Hutaja Ugonjwa Wake kwa Taa

Stata inazungusha, injini haishiki. Hapo ndipo pesa zinapoanza kutoka: leo plagi, kesho pampu, keshokutwa nozo. Kumbe Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye mfumo wa EFI (petroli kupulizwa kwa amri ya kompyuta) zilitoka kiwandani na njia ya kujieleza, na kinachotakiwa ni kipande cha waya tu.

Funua boneti utafute kisanduku cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna mchoro wa matundu. Unganisha TE1 na E1, weka swichi ON bila kupiga stata, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimemeta mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta ya injini haijahifadhi kosa. Ikimemeta mara moja, ikatua, ikamemeta mara mbili, hiyo ni namba 12: stata ilipigwa lakini kompyuta haikupata ishara kwamba injini inazunguka. Isipowaka kabisa, anza na fyuzi ya EFI, maana huenda kompyuta yenyewe haina umeme.

Namba 12 ina uzito kwa sababu EFI si kabureta. Kabureta hutoa petroli kwa mvuto wa hewa tu. Nozo ya EFI haifunguki mpaka kompyuta iamuru, na kompyuta haiamuru mpaka ijue krenki imefika wapi. Katika injini kama 4A-FE ya Corolla, habari hiyo hutoka kwenye koili ndogo ndani ya distribyuta. Ikifa, moto wa plagi na petroli hukatika kwa pamoja, ilhali pampu inavuma kama kawaida kila stata inapopigwa.

Namba 14 huleta dalili zilezile kwa sababu nyingine: ignaita (kifaa cha kuwasha moto wa plagi) haijibu, na kompyuta hufunga nozo kusudi petroli isiyoungua isiende kuharibu mfumo wa moshi. Kwa macho huwezi kutofautisha magonjwa haya mawili. Namba ndiyo huyatenganisha.

Ila taa hiyo haijui kila kitu. Magari haya hayana kipimo cha presha ya petroli, kwa hiyo pampu iliyokufa haiachi namba yoyote. Hiyo utaipima kwa mkono: swichi ikiwa ON, unganisha +B na FP, kisha binya mpira unaoleta petroli kwenye nozo. Mpira ukiwa mgumu, petroli inafika. Ukibaki laini, sasa ndiyo zamu ya kukagua rilei, waya, filta na pampu.