Bega la Chuma: Kinga na Mwendo katika Deraya za Ulaya

Kila atengenezaye vazi la vita hukabiliwa na matakwa mawili yanayopingana: mwili uwe salama, na mwili uweze kutenda kazi. Mgongano huo ni mkali hasa begani. Kiwiko hukunjwa na kukunjuliwa kama bawaba. Bega si hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama tufe, nacho hukaa katika kishimo cha mfupa wa bega; kwa hiyo mkono huweza kuinuka, kushuka, kwenda mbele na nyuma, na hata kuzunguka. Bamba moja la chuma lililokazwa hapo lingemzuia askari kuinua upanga wake.

Katika karne ya 12 na ya 13, makabaila wapanda farasi wa Ulaya walivaa hasa deraya zilizofumwa kwa maelfu ya pete za chuma. Vazi hilo lilifuata mwendo wa bega bila taabu na kuzuia makali ya upanga. Lakini kwa kuwa lilikunjika, pigo zito liliweza kuvunja mfupa uliokuwa chini yake.

Katika karne ya 14 matumizi ya mabamba yalienea. Kinga ya bega ilifanywa kwa vibamba vyembamba vilivyopishana kama magamba ya mkia wa kamba, vikashikanishwa kwa ribiti na kanda za ngozi. Mkono ulipoinuka, vibamba viliingiliana. Uliposhuka, vilitandaa tena. Hata hivyo kwapa halikufunikwa na bamba, nalo ni mlango wa kufikia mapafu na mishipa mikubwa ya damu. Baadhi ya deraya ziliwekewa kisahani cha chuma kilichoning'inia mbele ya kwapa.

Katika karne ya 15, wahunzi wa Milan, nchini Italia, walipanua bamba la bega hata likafunika sehemu ya kifua na ya mgongo. Tena mabega mawili hayakulingana. Askari alibana mkuki wake mrefu chini ya kwapa la kulia, hivyo bamba la kulia lilipunguzwa upande wa mbele ili mkuki upate nafasi. Upande wa kushoto ndio uliomwelekea adui. Bamba lake likawa kubwa zaidi, na mara nyingi liliongezewa bamba la pili juu yake.

Kinga hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walipima watu waliovaa deraya zilizoigwa kutoka karne ya 15. Ilionekana kwamba kutembea nazo kulihitaji nishati zaidi ya mara mbili ya kawaida, na kwamba wavaaji walipumua pumzi fupi fupi za haraka.

Wanafunzi wanaweza kuijaribu kanuni hii darasani. Chukua karatasi ngumu, uizungushe begani kama bomba, kisha ujaribu kuinua mkono. Halafu ikate vipande vinne, uvipange vikipishana, na uvifunge kwa uzi ulolegea kidogo. Karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni mpango wake. Huo ndio uliokuwa ujuzi wa mhunzi.