Kibarua wa Bandarini na Mshahara wa Mwezi

Neno kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Katika bandari ya Kilindini, Mombasa, wachukuzi wengi walikuwa vibarua wa namna hiyo. Meli nyingi zilipowasili pamoja, watu walitafutwa kwa shida. Zisipowasili, walikaa bila kazi wala ujira.

Mpango huo ulionekana kuwa nafuu kwa makampuni, kwani hayakulipa siku isiyo na kazi. Lakini hasara ilikuwamo ndani yake. Genge la leo silo lililofanya kazi jana, wenzi hawakuzoeana, na meli ilipokawia gatini gharama ziliongezeka kila siku. Naye mchukuzi asiyejua kesho atakula nini hakuona faida ya kujifunga na kazi moja.

Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma. Machi 1955 wachukuzi waligoma tena. Tom Mboya alisaidia kuwapatanisha na waajiri, na ujira ukaongezwa. Katika miaka hiyo ya 1950 vibarua waliandikishwa, wakatakiwa kuhudhuria mara kwa mara, na hatimaye wengi wakaajiriwa kwa mwezi.

Waliobaki walipata uhakika wa mshahara. Lakini yule aliyezoea kufanya kazi siku chache, kisha kurudi shambani kwake, ilimlazimu kuchagua moja.

Basi mwajiri atakaye kazi yake iende upesi hana budi kwanza kumpa mfanya kazi sababu ya kurudi kesho.